Namna ya Kuwa Mkaapweke Mjini Bukavu

Anza kwa kuchagua sababu, kwa maana utaulizwa. Utaulizwa na mama anayeuza makala kwenye kona ya avenyu, na shangazi anayeishi Bagira, na mweka hazina wa likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, na mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi ambayo kwao ipo. Bukavu haimkatazi mtu kujitenga. Inachodai ni maelezo.

Sababu zinazopokelewa vizuri ni chache. Kufunga na kuomba kunapokelewa: siku tatu bila chakula wala maji, au wiki nzima mlimani, na watu watakutumia majina ya watoto wao uwataje katika sala. Msiba unapokelewa, ingawa matanga ni kazi ya umati na mwenye msiba haachwi peke yake hata usiku. Mama aliyejifungua anaachwa ndani kwa heshima na kuletewa uji. Ugonjwa unapokelewa pia, ila ujihadhari nao, kwa sababu anayekuja kumtazama mgonjwa huku kwetu hasimami mlangoni. Anakaa. Kama unachokimbia ni wageni, usitaje homa.

Sababu moja haina pa kupitia, nayo ni kuchoka na watu. Sema umechoka na kazi, utapewa pole. Sema umechoka na watu, baraza la ukoo litaitishwa kabla ya Jumapili, na kaka yako mkubwa atapanda pikipiki ya motari kutoka Panzi kuja kuuliza nani amekuroga. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu wa sababu hii, kwa kuwa naamini ndiyo inayolala chini ya nyingine nyingi. Mwenye deni la likelemba hakimbii zile dola. Anakimbia macho ya wenzake siku ya mkutano. Kijana aliyeanguka mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari anakimbia swali la "Ulipata ngapi?", siku ambayo wenzake wanamwagiwa poda nyeupe kichwani na kuimba barabarani. Mjane anakimbia kuambiwa kwa mara nyingine tena kwamba Mungu ana mpango. Wengi wanaojifungia mjini hapa bado wanawapenda watu. Wamechoka kujibu.

Ukishapata sababu, tafuta mahali, na hapo ndipo kazi inapoanza. Bukavu imeingiza rasi zake tano katika Ziwa Kivu, juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wabelgiji waliuita mji huu Costermansville, wakaujenga uwe mji mdogo wa maofisa na walowezi wapendao kutazama maji. Leo watu wanaokaribia milioni moja, au wanaopita hapo, wanaishi juu ya miteremko ileile. Katika kata ya Kadutu, sakafu ya nyumba moja iko usawa wa paa la nyumba nyingine; maji unayomwaga asubuhi yanashuka kwa jirani wa chini, naye anajua umeamka. Kuta ni mbao. Ukikohoa, jirani anakohoa nawe kwa kukusaidia. Huko Japani, serikali ilitoa makadirio mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.46 wamejifungia nyumbani na kukata mahusiano na jamii, wengine kwa miaka mingi. Ninawahurumia kwa moyo wote. Lakini wao walau wana chumba. Kadutu, chumba kimoja kina watu sita, na atakayetaka kugeukia ukuta ataomba nafasi.

Usiuchukie ukuta wa mbao, hata hivyo. Moto ukishika Kadutu, na hushika mara kwa mara, nyumba huenda kwa makumi katika saa moja. Atakayekutoa ni yule jirani aliyesikia kikohozi chako jana, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba umo ndani.

Wenye fedha watajaribu Muhumba au Nguba, kwenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Geti lina sentineli. Sentineli anajua ulikula nini, nani alikuja, taa ilizimwa lini. Jioni anakaa kwenye jiwe na sentineli wa geti la pili, na yote yanahama. Wengine watapanda boti kwenda Idjwi, wakidhani kisiwa ni upweke. Idjwi imelimwa kuanzia ufukweni mpaka mgongoni, watu wamebanana, na kila unayekutana naye njiani atataka kujua wewe ni mtoto wa nani. Hata ziwa lenyewe usiku lina watu: wavuvi wa sambaza wanatoka na taa zao, mashua zimefungwa pamoja, wanaimba wakipiga makasia ili wasisinzie.

Basi msitu. Kila anayewaza kuukimbia mji huu hatimaye hutazama magharibi, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kilomita 6,000 za mraba za milima, mianzi na ukungu. Lango la Tshivanga liko kilomita 30 hivi kutoka mjini. Huko anaishi mkaapweke pekee wa Kivu Kusini anayetambuliwa na sayansi: gorila dume. Dume akikomaa huondoka katika kundi alilozaliwa, akaishi peke yake kwa miezi au miaka, akila majani na kulala katika kiota alichojitengenezea. Hakuna anayemwuliza kitu. Ila yeye naye yuko njiani tu, anangoja apate majike waanze kundi jipya, na siku akilipata wageni watapanda mlima wakiwa na kamera kuja kulitazama.

Wewe hutaruhusiwa kukaa naye. Na hapa ucheshi wangu unaniisha, kwa sababu walikuwepo watu waliojua kuishi katika msitu ule kwa vizazi vingi, nao ni Batwa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970, ikiongozwa na Mbelgiji Adrien Deschryver. Batwa wakafukuzwa katika miaka iliyofuata, bila fidia, na ikaitwa ulinzi wa gorila. Tangu hapo wengi wao wanaishi pembezoni, kwenye ardhi ya watu wengine, wakilima mashamba yasiyo yao. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi ndani ya msitu, yakafuata mapigano na vifo. Mwaka 2024 ulitangazwa hadharani uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Jamii iliyowatoa msituni kwa nguvu ndiyo hiyohiyo inayowaona Batwa kuwa ni watu wa kujitenga. Hawakujitenga. Waliwekwa kando, na anayetaka kuandika juu ya upweke katika mkoa huu bila kuwataja atakuwa amemtazama gorila akaacha kumwona mtu.

Msitu ukishindikana, jaribu Kanisa. Kanisa Katoliki lina utaratibu kamili wa ukaapweke, na utaratibu huo una ofisi. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 603, zinamtambua mkaapweke aliyeweka nadhiri hadharani mikononi mwa askofu wa jimbo, akafuata mpango wa maisha chini ya uongozi wake. Kwa hiyo anayetaka kuachana na watu Bukavu atapita kwanza kwa askofu mkuu, na kabla ya askofu mkuu kuna paroko, na kabla ya paroko kuna benchi la watu wanaosubiri, ambao nao watauliza umekuja kwa shida gani. Mtakatifu Benedikto, katika kanuni yake ya karne ya 6, alikuwa mkali zaidi: mtu asiende jangwani kwa moto wa siku za mwanzo, bali aishi kwanza muda mrefu na wenzake katika monasteri, afunzwe nao. Ndipo aende. Murhesa, kwenye barabara ya Kavumu, masista Watrapisti wa Clarté-Dieu wanaishi maisha ya ukimya tangu miaka ya 1950. Wanakaa kimya pamoja, wanaimba pamoja, wanalima pamoja, na mgeni akigonga kanuni inawataka wampokee.

Wenzao wanaume, Watrapisti wa Mokoto huko Masisi, walijenga monasteri yao mwaka 1954, mbali na kila mji. Mwaka 1996 vita viliwakuta hukohuko. Mamia ya watu waliokuwa wakikimbia kuuawa walikwenda kwa wamonaki, na Mei mwaka huo wengi wao waliuawa palepale, wamonaki wakatawanyika. Nimelifikiria sana tukio hili. Watu wale walioandamwa hawakukimbilia kambi ya jeshi wala ofisi ya serikali. Walikimbilia kwa watu waliokuwa wamejitenga na dunia, wakiamini kwamba huko mlango utafunguliwa. Ulifunguliwa.

Tuje kwenye chakula, ambapo mipango mingi huvunjika. Mtakatifu Antoni wa Misri, baba wa wakaapweke wote, alijifungia katika ngome tupu jangwani kwa karibu miaka 20. Athanasi, aliyeandika maisha yake katika karne ya 4, hakusahau kutaja mkate: marafiki walimletea mara 2 kwa mwaka na kuushusha kutoka juu ya paa. Miaka ilipotimia, marafiki walewale walivunja mlango. Nabii Eliya alilishwa na kunguru, na kijito kilipokauka akalishwa na mjane. Wakaapweke wengi mashuhuri katika vitabu walikuwa na mtu wa kuwaletea kitu. Bukavu, ambako unga hununuliwa wa kutosha leo na mafuta huuzwa katika kimfuko, hutaweza kuweka akiba ya miezi sita. Tafuta basi mtu wako wa mkate. Mtu mmoja tu, asiyeuliza, atakayeacha sombe na bugali mlangoni. Mpate kabla ya kufunga mlango, maana ukishaufunga utakuwa umechelewa.

Maji hayana ujanja. Bomba la Regideso, shirika la maji, linatoka linapotaka, mara nyingi usiku, na likitoka avenyu nzima iko nje na bidoni. Unaweza kuikwepa misa, harusi, mkutano na salongo, ile kazi ya pamoja. Bomba hutalikwepa. Nawashauri wakaapweke wote walitumie vizuri: simama kwenye foleni, salimia, jibu neno moja, chota, rudi. Dakika hizo chache zitakulinda kuliko kufuli.

Nasema "zitakulinda" kwa makusudi. Kijana akijifungia, watu husema amekata tamaa, au anafukuzia vitu katika simu. Mzee mwanaume akijifungia, wanasema ana busara. Mama mzee akijifungia, hasa mjane, hasa asiye na mtoto mjini, wanaanza kusema maneno mengine, na maneno hayo huua. Septemba 2021 wanawake wasiopungua 8 waliuawa katika wilaya za Kivu Kusini, wengine kwa kuchomwa moto, kwa tuhuma za uchawi. Kuishi peke yako, kutosalimia, kuonekana usiku: mambo ambayo kwa mtawa yanaitwa utakatifu, kwa bibi wa miaka 70 yanageuzwa ushahidi. Kwa hiyo mama, kama umechoka na watu, na una haki yote ya kuchoka, wachoke huku ukiwa na mtu mmoja anayeingia kwako mchana, akaonekana akiingia, akaonekana akitoka anacheka. Na ninyi vijana mnaokusanyika kwenye kona mtu akitamka neno "mulozi", mjue kwamba yule bibi huenda alifunga mlango kwa sababu yenu.

Bado sijawataja wengi zaidi. Mwaka 1996 vita viliingia Bukavu, mwaka 2004 vikaingia tena, na Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia, benki zikafungwa na familia zikalala chini, mbali na madirisha. Kila mara mji mzima ulijifungia. Kila mara mji ulifunguka, soko la Kadutu likajaa, motari wakapiga honi. Wapo ambao hawajatoka mpaka leo. Wanakwenda kazini, wanarudi, wanafunga. Wapo wanawake waliofanyiwa ukatili na watu wenye silaha, kisha wakafanyiwa ukatili wa pili na waume waliowarudisha kwao na majirani waliowanyooshea kidole, wakaamua kwamba chumba cha nyuma kinawatosha. Mwongozo wa ukaapweke hauwahusu hata kidogo. Aliyefukuzwa na aibu ambayo si yake hahitaji mbinu za kujificha.

Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewapokea maelfu yao. Na mwaka 2011 ilifunguliwa Bukavu Cité de la Joie, inayoongozwa na Christine Schuler Deschryver, binti wa yule Adrien wa hifadhi. Wanawake 90 kwa zamu wanakaa humo miezi 6, ndani ya ukuta, mbali na kijiji, mbali na maswali. Wanasoma, wanacheza, wanalia, wanalima. Halafu wanatoka. Naona hapo mfano bora wa kujitenga tulio nao mjini: una ukuta, una wenzako, una tarehe ya kutoka.

Daktari Mukwege mwenyewe ameujua upweke wa aina nyingine. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa, naye akaondoka nchini na familia. Alikuwa na sababu ambayo hakuna baraza la ukoo lingeikataa. Angeweza kubaki Ulaya, akafundisha, akanyamaza. Kilichomrudisha kinajulikana na kila mtu hapa: wanawake wa Idjwi, wenye kipato kisichofika dola moja kwa siku, waliuza mananasi na vitunguu wakachanga fedha za tiketi yake. Januari 2013 akarudi. Tangu hapo kwa miaka mingi aliishi ndani ya eneo la hospitali, akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, asiweze kwenda sokoni wala kutembea kando ya ziwa apendavyo. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018 ilimkuta akiishi katika kizuizi hicho. Hao wanawake ndio ninaowaza kila nikisikia mtu akisema kwamba watu wa Bukavu ni wambea, hawamwachi mtu apumzike. Ni kweli, hawamwachi. Wanauza hata vitunguu ili wasimwache.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya mwongozo ni yako wewe jirani, kwa sababu mkaapweke wako hataisoma.

Ukiona mlango wa mtu umefungwa siku ya tatu, nenda. Nenda peke yako. Usiende na wanachama wote wa jumuiya ndogondogo wakiwa na ngoma. Usiende na mchungaji wa kutoa mapepo. Chukua kitu mkononi, bidoni ya maji au sambaza katika karatasi, ili mikono yako iwe na kazi na mdomo wako usilazimike kuanza. Piga hodi mara tatu. Atauliza ni nani. Utasema jina. Atasema, "Niko tu." Wewe usimwulize "Uko na shida gani?" wala "Mbona hauonekane?" Mweleze habari zako: bei ya makala, mtoto wako aliyeota jino, ile avenyu iliyokatika kwa mvua. Weka maji chini. Ondoka. Kesho yake rudi.

Usimwambie akaze roho. Kama ameikaza mpaka mlango ukajifunga, ameikaza vya kutosha.

Lakini kama hali, halali, anagawa nguo zake, anazungumza na asiyekuwepo, au anasema ingekuwa heri asingezaliwa, hapo heshima ya mlango imekwisha. Ingia. Mpeleke SOSAME, hospitali ya afya ya akili ya hapahapa mjini, na usimweke juu ya motari ukampungia mkono. Panda naye. Kaeni wote kwenye benchi mpaka zamu yake ifike. Wakiuliza kwenye dirisha ni nani wa kuitwa kama kuna haja, taja jina lako na namba ya simu inayopatikana, usingoje ndugu yake afike kutoka kijijini.